Namba za Uongo Zina Asili: Kutafuta Hitilafu kwenye Bodi Ndogo na Vihisi Ukiwa Pwani ya Tanga

Ukiunganisha kihisi cha joto cha DS18B20 na bodi yako, kisha dirisha la kompyuta likakuandikia kwamba maji ya tangi yana nyuzi 85 za sentigredi, huna haja ya kwenda kutia kidole tangini ili kujua kwamba ni uongo. Lakini uongo huo haukutoka hewani. Namba 85 ndiyo thamani ambayo kihisi hicho huwa nayo kumbukumbuni kila kinapowashwa, kabla hakijapima chochote. Kwa hiyo ama bodi imekisoma mapema mno, kwa kuwa kipimo cha biti 12 huchukua hadi milisekunde 750, ama umeme wake umekatika kwa kitambo kidogo na kukifanya kianze upya katikati ya kazi. Ukiandikiwa hasi 127, maana yake ni nyingine kabisa: hiyo ni namba ambayo maktaba (programu saidizi iliyoandikwa tayari) inayotumiwa na wengi kwa kihisi hiki huirudisha inapokosa jibu lolote kwenye waya wa data. Namba ya kwanza inakupeleka kwenye umeme na muda, ya pili inakupeleka kwenye waya. Anayeziita zote mbili "kihisi kibovu" atanunua kipya na kulikuta tatizo pale pale alipoliacha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wale wanaochezea bodi za Arduino, ESP8266 na ESP32 nyumbani, bila maabara, wakiwa na maltimita moja, bredibodi moja (ubao wa majaribio usiohitaji kulehemu) na subira. Ninasema vihisi na si sensa, ingawa madukani utasikia sensa, kwa sababu neno hilo la pili tumeshalizoea kwa kazi ya kuhesabu watu. Kazi zenyewe ni za kawaida za Tanga: kujua maji yamebaki kiasi gani kwenye tangi la juu, kulinda joto la mashine ya kutotolesha vifaranga, kumwagilia tuta la mchicha, kutuma ujumbe mfupi pampu inapokwama. Utaratibu ninaoupendekeza katika zote ni mmoja: soma kwanza namba mbaya yenyewe, au saa ambayo kifaa huharibika, ujiulize ni hitilafu gani ingeweza kuzaa hiyo hasa, kisha ubadilishe kitu kimoja tu na kutazama. Anayebadilisha waya, maktaba na chaji kwa mkupuo mmoja, hata kifaa kikipona, hajui kilichokiponya.

Kompyuta haiioni bodi

Hapa pasikucheleweshe. Mshukiwa wa kwanza ni waya wa USB, kwa sababu nyaya nyingi zinazouzwa na chaji za bei nafuu zina nyuzi mbili za umeme tu na hazina zile mbili za kupitishia data. Bodi itawaka taa nawe utadhani kila kitu ni salama. Jaribu waya ambao umewahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu. Waya ukiwa mzima na poti bado haionekani, tazama kipande cheusi kilicho karibu na tundu la USB: bodi nyingi za nakala hutumia CH340 kwa mawasiliano, na kompyuta zenye Windows ya zamani huhitaji kuwekewa draiva yake. Kwenye Linux poti huonekana lakini hukataa kufunguka mpaka mtumiaji aingizwe kwenye kundi la dialout, kisha atoke na kuingia upya.

Poti ikionekana na upakiaji wa programu ukakwama kwa ujumbe wenye maneno "not in sync", tazama kwanza kama umechagua aina sahihi ya bodi, kwa kuwa Nano nyingi za nakala zina programu ya kuanzishia ya zamani inayozungumza kwa kasi ya 57600 ilhali ile mpya huzungumza kwa 115200. Halafu tazama kama kuna kifaa ulichokichomeka kwenye pini 0 na 1, ambazo ndizo hizo hizo Uno na Nano hutumia kuongea na kompyuta. Kwa ESP32 isiyokubali kupakiwa, shikilia kitufe cha BOOT mpaka uone upakiaji umeanza. Herufi zisizosomeka kwenye dirisha huwa ni kasi mbili zisizolingana, moja kwenye programu na nyingine kwenye dirisha. Isipokuwa kwa ESP8266, ambayo kila inapoamka hutoa mstari mmoja wa vurugu hata pale kila kitu kilipo sawa, kwa sababu salamu zake za kwanza hutoka kwa kasi ya 74880. Mstari huo usikutie hofu.

Bodi inajizima na kujiwasha

Bodi inayoanza upya yenyewe karibu kila mara inalalamikia umeme, na programu husingiziwa bure. Kuithibitisha ni rahisi: mwanzoni mwa programu, mahali panapopitiwa mara moja tu, andika sentensi ya kuchapishwa dirishani, kwa mfano "Nimeamka". Ukiiona sentensi hiyo ikijirudia, bodi inakufa na kufufuka. ESP32 husema wazi zaidi, kwani huandika "Brownout detector was triggered", yaani volti zimeshuka chini ya kiwango na bodi imejizuia. ESP8266 haina adabu hiyo. Hunyamaza tu au kumwaga herufi za ajabu.

Redio ya Wi-Fi iliyomo ndani ya ESP32 inaporusha mawimbi hunyonya miliampia 240 hivi kwa vipindi vifupi, hata kama wastani wa matumizi yake ni mdogo, na waya mwembamba wa USB wa mita mbili huangusha volti nyakati hizo hizo. Maltimita ya kawaida haitakuonyesha mshuko huo, kwa kuwa hubadilisha namba yake mara chache tu kwa sekunde, ilhali mshuko wenyewe hupita ndani ya elfu chache za sekunde. Utasoma volti 4.9 na kuapa kwamba umeme ni safi. Ndiyo maana katika jambo hili mimi huamini jaribio kuliko kipimo. Weka kapasita ya maikrofaradi 470 au 1000 kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na bodi, ukichunga mguu wenye alama ya hasi usigeuzwe, na utumie waya mfupi na mnene. Bodi ikitulia, umepata jibu, hata kama maltimita haikuliona.

Mlafi mkubwa kuliko wote ni moduli ya SIM800L, inayopendwa kwa sababu hutuma ujumbe mfupi mahali pasipo na intaneti. Huhitaji volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapowasiliana na mnara huvuta hadi ampia 2 kwa mipigo mifupi sana. Pini ya volti 5 ya Arduino Uno imezidi kiwango hicho, ile ya volti 3.3 haikifikii na tena hutoa miliampia 50 tu; kwa hiyo kwenye bodi yenyewe hakuna pa kuichomeka, na bado michoro mingi inayosambazwa huonyesha ikichomekwa papo hapo. Taa yake ndogo ndiyo shahidi. Ikimeta takriban kila sekunde moja, bado inatafuta mtandao. Ikimeta kila baada ya sekunde tatu, imeshasajiliwa. Ikimeta mara kadhaa, ikatulia, kisha ikaanza tena kama ndiyo kwanza imewashwa, inakufa kwa njaa ya umeme. Nilipoifunga kwa mara ya kwanza kwenye kisima cha jamaa yangu huko Pongwe, niliulaumu mtandao wa simu kwa siku nne na nikapanda mwembe nikiwa na antena mkononi, kabla sijaiunganisha na betri moja ya lithiamu aina ya 18650 na kuiona ikisajiliwa nikiwa nimekaa chini ya mwembe ule ule. Asiyetaka betri atumie kibadilishi cha volti cha LM2596 kilichorekebishwa kutoa volti 4.0, mradi akipime kabla ya kuunganisha moduli, maana vibadilishi hivyo hutoka dukani vikiwa vimeachwa kwenye volti yoyote ile.

Pawabanki ina ugonjwa wake wa kinyume. Kifaa hufanya kazi vizuri kwa nusu dakika hivi kisha huzimika kabisa, na kubonyeza kitufe hukifufua kwa nusu dakika nyingine. Hapo umeme haujapungua. Pawabanki imeona matumizi ni madogo mno, ikadhani simu imeshajaa, ikajifunga. Na Uno inayolishwa kwa adapta ya volti 12 huku ikilisha vihisi na taa zinazovuta miliampia 200 hulazimika kugeuza wati 1.4 kuwa joto ndani ya kidhibiti chake kidogo cha volti, mpaka kinajikata, kinapoa, kinaendelea. Ukigusa kipande hicho na kidole kikakataa kukaa, punguza adapta iwe ya volti 7 hadi 9, au lisha vifaa vyenyewe kutoka kwingine.

Unapotumia umeme wa mahali pawili, hasi zote mbili lazima ziunganishwe pamoja. Injini ndogo ya servo inayotetemeka kama mwenye homa wakati ina umeme wake wa kutosha, mara nyingi inakosa waya huo mmoja tu.

Rilei na pampu

Bodi ikianza upya wakati rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inapolia, usianze kubahatisha. Jaribio moja hugawa njia. Ondoa pampu kwenye rilei, uache rilei ilie bila kuwasha chochote. Bodi ikiendelea kuanguka, tatizo ni umeme wa rilei yenyewe, kwa sababu koili ya rilei ndogo ya volti 5 huvuta miliampia 70 hivi, na rilei nne zikishikana kwa pamoja hufikia karibu 300. Zipe umeme wake. Bodi ikitulia baada ya pampu kuondolewa, basi pampu ndiyo inayorusha kelele: injini inapokatiwa umeme ghafla, nguvu iliyokuwa kwenye koili zake hutafuta pa kutokea na kurusha cheche kwenye mguso wa rilei, na cheche hizo husikika kwenye kila waya ulio karibu. Dawa yake ni rezista ya omu 100 ikifuatana na kapasita ya maikrofaradi 0.1 ya aina iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani, zikiwekwa sambamba na mguso wa rilei, pamoja na kutenganisha nyaya za pampu na zile za kihisi badala ya kuzifunga pamoja kwa uzuri wa macho. Kazi ya upande wa volti 230 mpe fundi umeme kama hujazoea. Mikono yenye jasho la Tanga na bredibodi iliyo wazi havipatani na umeme huo.

Namba zisizotulia, na namba zilizoganda

Pini ya kusomea volti iliyoachwa bila kitu, au ambayo waya wake umekatika ndani ya plastiki, hutoa namba zinazotangatanga, na hubadilika zaidi ukiusogelea waya kwa mkono. Hiyo ndiyo alama. Namba iliyoganda kwenye 0 huonyesha waya umegusa hasi au kihisi hakina umeme. Iliyoganda kwenye 1023 kwa Uno, au 4095 kwa ESP32, huonyesha kwamba volti zimefika mwisho wa kipimo. Namba inayoyumba polepole kwenye Uno huweza kuwa haina kosa la kihisi kabisa: Uno hulinganisha kila kitu na volti zake yenyewe, hivyo chaji ikishuka kutoka volti 5.0 hadi 4.6, kihisi chenye volti zisizobadilika kitaonekana kimepanda.

Kwenye ESP32 kuna mtego unaowaangusha hata wazoefu. Kihisi husomeka vizuri katika programu ya majaribio, lakini kikiingizwa kwenye programu yenye Wi-Fi kinakataa. Pini za 0, 2, 4, 12 hadi 15, na 25 hadi 27 hutegemea kipimaji cha pili cha bodi hiyo, ambacho redio ya Wi-Fi hukitwaa. Hamishia waya kwenye pini yoyote kati ya 32 na 39 iliyopo kwenye bodi yako, na kesi itakuwa imekwisha. Ukishahamia huko kumbuka kwamba pini 34 na kuendelea hupokea tu. Haziwezi kuwasha hata taa ya LED.

Neno "nan" kutoka kwa DHT11 au DHT22, vihisi vya joto na unyevu wa hewa, ni njia ya maktaba kusema kwamba jibu halikuja au limekuja likiwa limeharibika. DHT22 haipendi kuulizwa zaidi ya mara moja kwa sekunde mbili. Kihisi chenye miguu minne, kilichonunuliwa bila ubao wake mdogo, huhitaji rezista ya kiloomu 4.7 hadi 10 kati ya waya wa data na chanya. Chenye miguu mitatu kwenye ubao kwa kawaida kinayo tayari.

Usomaji ukiwa mzuri kwa sura na mbaya kwa ukweli, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna namba ya ajabu ya kukushtua. Mama mmoja wa Makorora anayefuga kuku aliniita kwa ajili ya mashine yake ya kutotolesha. Nilipomwamkia hakuniacha nimalize. "Marahaba mwanangu, hiki kidude kinasema thelathini na saba na nusu usiku na mchana, na vifaranga wanafia ndani ya mayai. Nani mwongo?" Ndani ya boksi kulikuwa na DHT11. Kihisi hicho kinaruhusiwa na watengenezaji wake kukosea nyuzi 2 juu au chini, na mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi kwa takriban siku zote 21; kwa hiyo kidude kilikuwa kinasema 37.5 kwa nia njema kabisa huku joto halisi likiwa limepanda karibu nyuzi 2. Tuliweka kipimajoto cha homa kando yake, kikatuthibitishia hivyo, tukaweka DHT22, ambayo kosa lake ni nusu nyuzi. Kabla hujatafuta hitilafu kwenye kihisi, soma kiliahidi nini.

Kituo cha hali ya hewa kilichowekwa kwenye boksi jeusi juu ya bati kitakuambia nyuzi 46 saa nane mchana. Hewa ya Tanga haifiki huko hata mwezi wa Februari. Unachopima ni boksi. Liwe jeupe, liwe kivulini, na lipitishe upepo.

Skrini na vihisi vya nyaya mbili

Njia ya I2C, iliyobuniwa na Philips mwaka 1982, huunganisha vifaa vingi kwa nyaya mbili, SDA na SCL, ambazo kwenye Uno ni A4 na A5, na kwenye ESP32 kwa kawaida ni 21 na 22. Kifaa kisipoonekana, pakia programu fupi ya kutafuta anwani, ambayo huja na mifano ya maktaba nyingi, usome ilichokikuta. Skrini ndogo ya herufi hukaa kwenye 0x27 au 0x3F, na programu iliyoandikwa kwa moja haitaiona nyingine. Ikiwa anwani imeonekana, taa ya nyuma inawaka na hakuna herufi, chukua bisibisi ndogo ugeuze kirekebishi cha ukolezi wa herufi kilicho mgongoni. Nimeona skrini nzima zikirudishwa dukani kwa sababu ya bisibisi hiyo.

Kihisi cha kanieneo cha BMP280 na kile cha BME280 hufanana kama mapacha na vyote hukaa kwenye 0x76 au 0x77, lakini BMP280 haipimi unyevu. Mara nyingi mtu hulipia cha pili na kuletewa cha kwanza. Usibishane na muuzaji kwa maneno. Soma namba ya utambulisho iliyomo ndani ya kihisi: 0x58 ni BMP280, 0x60 ni BME280.

Tangi linalojaa na kukauka ndani ya sekunde moja

Kihisi cha umbali cha HC-SR04 hutuma mlio wa kilohezi 40 usiosikika na kungoja mwangwi, na ndani ya tangi la plastiki mwangwi una mambo mengi ya kugonga. Namba zinazoruka kati ya mbili zile zile, tuseme sentimita 31 na 118, huonyesha kwamba mlio unagonga bomba la kuingizia maji au ukuta, kwa kuwa hupanuka kadiri unavyoshuka. Sogeza kihisi kuelekea katikati, mbali na bomba. Namba 0 ni mwangwi ambao haukurudi. Ikitokea asubuhi tu, funua mfuniko utazame yale macho mawili: mvuke wa usiku huganda juu yake kuwa matone, na kihisi hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya unyevu. Kile cha JSN-SR04T chenye jicho moja lililozibwa huvumilia, lakini hakioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hivi, basi kiinue juu zaidi ya maji ya tangi lililojaa kabla ya kulalamika kwamba tangi likijaa kinasema limekauka.

Kuna kosa jingine dogo, la kudumu, ambalo watu wa pwani tunalo zaidi. Programu nyingi hutumia mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, ambao ni wa hewa ya nyuzi 20. Kwenye nyuzi 32 sauti huenda karibu mita 351, kwa hiyo umbali wa sentimita 150 utasomeka kama 146 na nusu, na tangi litaonekana lina maji zaidi ya yaliyopo. Zidisha joto kwa 0.606, jumlisha 331.3, na utapata mwendo ulio karibu na ukweli. Na ukitumia HC-SR04 pamoja na ESP32, waya wa mwangwi hutoa volti 5 kwenye pini inayostahili 3.3, rezista ya kiloomu 1 na nyingine ya kiloomu 2 hugawa volti hizo ipasavyo. Bodi isiyo na rezista hizo huweza kufanya kazi kwa miezi kadhaa, na ndiyo maana mwenye nayo hubisha.

Chumvi

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa mbali na bahari huwa haitutoshi. Kusi inapovuma, nyumba za Raskazone zinazotazama maji hupokea chumvi kwenye kila kioo, na kinachotua kwenye kioo hutua pia kwenye bredibodi. Chumvi hunywa unyevu wa hewa, kisha hupitisha umeme kidogo mahali pasipotakiwa. Hitilafu yake ina ratiba: huja jioni, hukomaa alfajiri, na saa sita mchana hutoweka kana kwamba haikuwapo, nawe ukifika na maltimita yako unakuta kifaa kizima. Ukiona ratiba hiyo, acha programu kabisa. Hitilafu ya programu haijui kwamba kumekucha.

Alama ya pili ni waya unaofanya kazi ukiukandamiza kwa kidole. Chomoa pini uitazame kwenye jua. Ukiona weusi au ukijani, mguso umeliwa. Safisha kwa alkoholi ya aisopropili na mswaki mkuukuu, uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Lakini bredibodi kwa kifaa cha kudumu nje ya nyumba ni kujitafutia kazi. Baada ya majaribio, hamishia kila kitu kwenye ubao wa kulehemu, na uangalie pia kwamba mistari ya umeme ya bredibodi nyingi ndefu imekatika katikati, jambo ambalo limewafanya wengi wadhani nusu ya vifaa vyao imekufa. Baada ya kulehemu, safisha mabaki ya gundi ya risasi, kisha paka juu ya viungo rangi ya kucha isiyo na rangi, ukiepuka matundu ya vihisi vya unyevu na hewa, ambavyo vikipakwa havitapumua tena.

Kwenye kuziba boksi, pua itakuokoa. Silikoni ya kawaida ya madirisha inayonuka siki hutoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Boksi lililozibwa vizuri kwa silikoni hiyo huihifadhi asidi ndani pamoja na bodi yako. Tafuta isiyonuka siki, au acha boksi likiwa wazi mahali penye hewa kwa siku kadhaa kabla ya kutia vifaa. Toboa pia tundu dogo upande wa chini, kwa sababu hakuna boksi la nyumbani linalozuia mvuke, na mvuke ulioingia unahitaji pa kutokea. DHT22 iliyoganda kwenye asilimia 99.9 tangu usiku wa masika mara nyingi haijafa. Ina umande ndani, na siku moja mahali pakavu humrudishia mwenyewe akili.

Kihisi cha unyevu wa udongo chenye vijiti viwili vya metali hakihitaji hata bahari ili kiliwe. Kikiachwa na umeme saa zote, mkondo unaopita kwenye udongo hula kijiti kimoja ndani ya wiki chache, na namba zake hushuka pole pole mpaka mchicha unamwagiliwa usiku na mchana. Kipe umeme kutoka kwenye pini ya bodi kwa muda wa kusoma tu, kisha ukate. Au nunua kile bapa kinachopima bila metali kugusa udongo, ukifunika kingo zake kwa rangi, kwa kuwa maji huingilia kingoni. Baadhi ya hivyo bapa vimewekewa saketi ya NE555, inayohitaji angalau volti 4.5, na kwa volti 3.3 hutoa namba ile ile kwenye kikombe cha maji na kwenye hewa kavu.

Inafanya kazi, kisha inasimama

Programu nayo ina makosa yake, na huyaonyesha kwa saa. Kifaa kinachoharibika baada ya sekunde 32 na kitu kimehifadhi milisekunde kwenye namba ya aina ya int, ambayo kwenye Uno hufika 32,767 na kugeuka hasi. Kinachoharibika baada ya saa kadhaa, kwa nyakati zisizolingana, kwa kawaida kimejaza kumbukumbu: Uno ina kilobaiti 2 tu za kazi, na maandishi yanayounganishwa na kukatwa mara kwa mara huiacha ikiwa vipande vipande. Peleka maandishi yasiyobadilika kwenye kumbukumbu ya programu kwa kuyazungushia F().

Kinachosimama baada ya mwezi mmoja na nusu ndicho kinachowatesa zaidi, kwa sababu hakuna aliye na subira ya kukingoja. Saa ya milisekunde ya bodi hizi hurudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17 hivi, na programu iliyoandikwa kuuliza "je, sasa imezidi saa niliyopanga?" hukwama hapo, pampu ikabaki imewashwa au imezimwa. Andika swali kwa kutoa: wakati wa sasa, toa wakati wa mwisho, je, imefika muda? Vyote vikiwa vya aina ya unsigned long, yaani namba kubwa isiyo na hasi, hesabu hiyo huvuka sifuri bila kutetereka. Kuithibitisha hakuhitaji siku 49. Kila mahali unaposoma saa ya bodi, jumlisha 4,294,907,296, na saa yako itavuka sifuri dakika moja baada ya kuwasha.